Dakika Arobaini Hadi Songwe: Ombi la Uzio wa Kiwanja cha Ndege

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa. Viongozi wa dini na serikali. Ndugu wananchi: kamwene!

Karibu

Umetukuta na ukungu na makoti mazito, ndiyo Njombe. Mimi ni Lidia, muuza viazi. Nimetumwa na kaya sitini na mbili za Mjimwema zinazopakana na kiwanja cha ndege.

Tulikotoka

Kwa miaka mingi tulikiona kiwanja hiki kama malisho. Tulikatiza katikati kwenda mashambani, ng'ombe wakitutangulia. Tulifukuzwa, tukarudi. Kosa ni letu.

Yaliyotokea Machi

Mwezi Machi, mwalimu Rabson wa Kifanya aliangukiwa na mti. Daktari alisema damu inavujia ndani ya fuvu, na mpasuaji yuko Mbeya. Kwa gari, kupitia Makambako, ni saa tano. Kwa ndege, kutoka hapa hadi Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, ni kama kilomita mia moja na themanini: dakika arobaini.

Rubani alipiga simu akiwa Songwe. "Nakuja. Ila nikikuta mnyama kwenye njia ya kutua, nageuza."

Tulitoka wote kuswaga mifugo, tukajipanga kandokando. Ndege ilishuka, mara ikapanda tena. Ndama wa mzee Jacob alikuwa amechomoka na kusimama katikati. Jacob alimkimbilia, akambeba mabegani. Mama yake Rabson alikaa chini, akajifunika uso kwa khanga. Tulisali rubani asituache.

Alizunguka mara ya pili, akatua.

Mwalimu alipasuliwa siku ileile. Sasa anafundisha, ingawa mkono wa kushoto bado mzito.

Changamoto

Jumapili iliyofuata tulikutana. Uzio utazuia mifugo, lakini utatufungia njia: shamba la dakika kumi litakuwa la saa nzima. Wengi walikataa. Jacob naye alisema, "Ndama si nilimtoa?"

Ndipo akasimama Telesia. Mumewe, Sila, alifariki miaka miwili iliyopita ndani ya gari akikimbizwa hospitali Mbeya, wamepita Makambako kidogo tu, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Telesia.

"Shamba langu liko ng'ambo kabisa," alisema. "Fungeni. Nitazunguka."

Tulipopiga kura, mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Jacob.

Maombi

Mheshimiwa, tunaomba uzio. Nguzo tutakata wenyewe kwenye miti yetu. Utusaidie waya na fundi. Tunaomba pia geti moja dogo upande wa mashamba, lenye mlinzi, lifunguliwe pale ambapo hakuna ndege. Geti likishindikana, uzio ujengwe hivyohivyo.

Mungu akujalie afya, na akurudishe nyumbani salama kwa barabara au kwa anga.

Ni sisi, Wakazi Jirani na Kiwanja cha Ndege, Mjimwema.

Telesia alitukataza kukusumbua kwa habari ya geti. Sehemu hiyo tumeisoma bila ruhusa yake.