Bwana Haijakamilika na Sahihi ya Upande wa Pili

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na tatu, miezi minne na siku sita, Karani Mwandamizi wa Masjala katika Kitengo cha Ajali za Barabarani anastaafu rasmi leo Ijumaa, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri. Mimi nimekuwa mpiga chapa wake kwa miaka ishirini na mmoja, na nimeagizwa na Mkuu wa Kitengo niandike wasifu huu, kisha niusome mbele yenu. Agizo lilikuja kwenye karatasi ndogo: maneno yawe mazuri, yawe mafupi, na yasimguse mtu. Nimejitahidi kwa hilo la kwanza.

Mzee wetu alianza kazi akiwa na umri wa miaka ishirini na saba. Alikuja kwa baiskeli, na leo asubuhi amekuja kwa baiskeli, suruali imebanwa kwa vibanio vya nguo pale kwenye kifundo ili isiliwe na mnyororo. Alipewa masjala, ghorofa ya tatu, chumba chenye makabati tisa ya chuma na dirisha moja linalotazama uani, mahali panaporundikwa baiskeli zilizogongwa. Lifti ilikuwa mbovu siku anaanza kazi. Tunawahakikishia wageni wetu kwamba hali hiyo imedumishwa.

Kwa asiyejua kazi yetu, nieleze. Mtu akigongwa na gari, anajaza Fomu Namba Saba. Fomu hiyo ina nafasi mbili za sahihi: ya aliyegongwa, na ya aliyegonga, ambaye kwenye makaratasi yetu anaitwa Upande wa Pili. Aliyeitunga bila shaka aliwaza ajali za watu wenye adabu zao, wanaogongana, wanapeana pole, halafu wanapanga foleni kusaini. Hakumuwaza dereva anayemgonga mwendesha baiskeli, akamtazama kwenye kioo akigaagaa, kisha akakanyaga mafuta. Fomu yenye sahihi moja haijakamilika, na faili lisilokamilika haliendi kwa mwendesha mashtaka. Hiyo ndiyo kanuni, na Mzee wetu aliipenda kanuni kama wengine wanavyopenda mpira.

Basi kila aliyegongwa na dereva aliyetoroka alirudishiwa fomu yake pamoja na barua yenye mwandiko wa kupendeza: "Haijakamilika. Tafadhali mlete mhusika wa pili aje aweke sahihi." Nilipoajiriwa mimi, barua hizo zikahamia kwenye mashine yangu, na nikazichapa bila kukosea hata nukta. Nakumbuka muuza magazeti mmoja aliyepanda ngazi zote zile kwa magongo, mguu kwenye plasta, jasho likimtiririka, akauliza, "Sasa bosi, huyo dereva nikimkamata, si nitampeleka polisi? Nimlete kwako kufanya nini?" Mzee akamjibu kwamba hoja yake ni nzito na aiwasilishe kwa maandishi. Sisi wengine tulicheka mpaka jioni. Leo nikikumbuka kicheko kile naona aibu, na ninaisema hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kuisema.

Waliogongwa ndio waliompa jina la Bwana Haijakamilika. Ofisi ilimpa cheti. Mwaka wake wa kumi na moja kazini alitunukiwa Mfanyakazi Bora, kwa kuwa kwa miaka mitatu mfululizo hakuna faili pungufu hata moja lililopita mikononi mwake. Ukweli ni kwamba hakuna faili la mwendesha baiskeli la aina yoyote lililopita mikononi mwake, lakini cheti kilikuwa kidogo, maneno yote yasingeenea.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwaka wa kumi na sita, Jumanne asubuhi, Mzee wetu alikuwa anazunguka mzunguko wa barabara karibu na kiwanda cha mikate, kengele inalia, mkono ameunyoosha kuonyesha anakokwenda, kila kitu kwa mujibu wa sheria. Pikapu nyeupe ikamchota kutoka nyuma. Alivunjika mtulinga na mbavu mbili, na baiskeli ikakunjwa kama kitambaa. Pikapu haikusimama. Alilazwa wiki tatu.

Aliporudi, mkono umefungwa shingoni, alifanya jambo ambalo wafanyakazi wapya huwa hawaamini mpaka waonyeshwe faili. Alijaza Fomu Namba Saba. Akaizunguka meza, akaketi kwenye kiti chake, akajipokelea. Kesho yake aliikagua, akaona nafasi ya pili iko tupu, akaandika kwa mkono wa kushoto: "Haijakamilika." Akanipa barua niichape. Nikaichapa, Mungu anisamehe, nikamgongea na muhuri. Tarishi akaipeleka nyumbani kwake.

Aliyeipokea mlangoni ni mkewe, ambaye tunaye hapa leo, safu ya mbele, na ambaye ameniruhusu kunukuu. Aliisoma mara mbili, akasema, "Huyu karani aliyekuandikia ana kichwa au ana boga? Mtu kavunjwa mbavu, anaambiwa akamsake aliyemvunja! Kesho nenda ukamwambie. Na kama unamwogopa, nitakwenda mimi." Mzee alimjibu kwa unyonge kwamba karani yule anamfahamu vizuri, ni mtu mgumu sana kuelewa.

Lakini alielewa. Mtu mwingine angeichana fomu. Mzee wetu hajawahi kuchana karatasi ya serikali na hakuanza siku hiyo. Alikaa akaitazama ile nafasi tupu, akasema kama kanuni inataka sahihi ya Upande wa Pili, basi Upande wa Pili utafutwe, na kwa kuwa hakuna ofisi iliyopewa kazi hiyo, atakwenda yeye, saa ya chakula cha mchana.

Alikwenda kwenye ule mzunguko akaokota vipande vya taa vilivyobaki kando ya lami, akavitia kwenye bahasha ya kaki. Akapita navyo gereji moja hadi nyingine, kwa mafundi wa kunyoosha bodi, akiuliza nani alikuja hivi karibuni na pikapu nyeupe yenye chongo. Ilimchukua miezi minne. Dereva alikuwa mwalimu wa chuo cha udereva, na somo la siku ile ya ajali lilikuwa namna ya kupita mzunguko. Mzee hakumgombeza. Alimsomea fomu yote, mstari kwa mstari, akampa kalamu, akangoja. Mwalimu alisaini huku machozi yanamlenga. Faili likakamilika, likaenda kwa mwendesha mashtaka, na mahakama ikafanya kazi yake. Lilikuwa faili la kwanza la mwendesha baiskeli kutoka ghorofa ya tatu kwa miaka kumi na sita.

Kuanzia hapo tulipoteza karani mtiifu tukapata kero. Njia yake ilikuwa moja tu: kukaa. Akishamjua dereva, alikwenda ofisini kwake au dukani kwake na bahasha ya kaki mkononi, akasalimia, akaeleza shida yake, akakaa kwenye benchi. Akiambiwa bosi katoka, alisema hana haraka. Kesho alirudi. Nimejifunza kutoka kwake kwamba mtu anaweza kuvumilia wito wa mahakama, anaweza kuvumilia hata kutukanwa, lakini hawezi kuvumilia mzee mpole aliyekaa mapokezi siku ya tatu, vibanio vya nguo kwenye suruali, anamsalimia kila anayepita. Wengi walisaini kwa kuchoka. Wachache walisaini kwa sababu walikuwa hawajalala vizuri tangu siku ile na walikuwa wanangoja mtu wa kuwauliza.

Uongozi haukukaa kimya. Mkuu wa wakati huo alimwandikia onyo kwa kutumia muda wa chakula kinyume na madhumuni ya chakula. Mwingine alilalamika kwamba faili likishakamilika hatuna sababu ya kulirudisha, na kitengo kitaonekana kina kazi. Wenzake tulimwita mwendawazimu, tukamwita mpelelezi wa mapokezi, na mimi nilikuwa wa kwanza. Yeye hana hili wala lile, anapuliza chai yake, anabana suruali, anashuka ngazi.

Kwa njia hiyo amepata sahihi hamsini na saba. Barua za "Haijakamilika" alizoziandika kabla ya hapo ni mia sita na kumi na mbili. Ameniomba hesabu hizo mbili ziandikwe pamoja, ya kwanza isisomwe bila ya pili. Nilimwambia kwamba siku ya kuagwa mtu hutajiwa mazuri yake tu. Akasema anayo majina ya wote mia sita na kumi na wawili, na baadhi yao walikufa wakiwa bado wanamtafuta dereva wa kumleta.

Sasa nifike kwenye faili la hamsini na nane, ambalo ndilo lililomnyima usingizi Mzee wetu mwezi huu wote, wala si kustaafu.

Ni la msusi mmoja aliyekuwa akiwafuata wateja wake majumbani kwa baiskeli, vitana na nyuzi kwenye kikapu cha mbele. Miaka miwili iliyopita, tarehe kama ya leo, saa mbili asubuhi, gari kubwa jeusi lilimgonga mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, likapita juu ya mkono wake wa kulia, likaenda zake. Vidole vitatu havikunjiki. Madaktari wanasema upasuaji wa pili ungevirudisha, ila bima haigharamii mkono uliovunjwa na mtu asiyejulikana. Aliwahi kumwambia Mzee mbele yangu, "Baba, mimi sitaki afungwe. Nataka aseme tu ni yeye, nitibiwe, nirudi kwenye vichwa vya watu." Mzee alimjibu, "Mwanangu, atasema." Hajawahi kumuahidi mtu mwingine yeyote kitu. Kwa hiyo nilijua kwamba ameingia pabaya.

Maana dereva alishajulikana. Kipande cha taa kilichookotwa kinaingia kwenye taa iliyong'olewa bila kuacha hata ufa. Fundi aliyebadilisha taa hiyo siku iliyofuata ametoa maelezo, akayasaini, na nakala ninayo. Lililobaki ni sahihi ya Upande wa Pili, na Mzee amekaa mapokezi kwake siku kumi na moja. Dada wa mapokezi amemnywesha chai siku zote kumi na moja kwa huruma. Bosi alikuwa kwenye kikao. Sijui kikao gani hicho kisichohitaji mtu kutoka hata kwenda msalani.

Na muda nao umekwisha. Kitengo chetu kimeanzisha Mpango wa Masjala Safi, ambao chini yake kila faili lililotimiza miaka miwili bila sahihi ya pili linafungwa moja kwa moja, kwa sababu iliyokwisha kuchapwa: mlalamikaji kukosa ushirikiano. Faili la msusi linatimiza miaka miwili leo, saa za kazi zikiisha. Kumbukeni saa hizo zinaisha saa tisa na nusu, na Mzee wetu anaisha nazo. Funika kombe mwanaharamu apite.

Hapa ndipo namshukuru Mkuu wetu wa Kitengo, ambaye kwa hekima yake alimchagua mgeni rasmi wa leo bila kusoma faili lolote. Alitafuta mtu mwenye moyo na waendesha baiskeli, akampata: mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, aliyegawa vizibao mia mbili vya kung'aa kwa waendesha baiskeli wa mji huu, jina la duka lake mgongoni, na picha yake akimvalisha mmoja wao ilitoka kwenye magazeti mawili. Mheshimiwa, karibu sana. Tumefurahi mno kwamba leo huna kikao.

Mzee, nakuona umeinama. Nisamehe, sikukuambia. Ulinikataza nisimseme mtu nyuma ya mgongo wake, na mimi sijamsema nyuma. Ulinikataza pia kumsainisha mtu kitu asichokisoma, na hilo nimelishika: Fomu Namba Saba nimeichapa upya kwa herufi kubwa, iko pale mezani karibu na keki, pamoja na maelezo ya fundi, na atakayetaka kuvaa miwani avae. Mwendesha mashtaka tumemwalika kama mgeni wa kawaida. Amekaa karibu na mlango. Msusi yuko safu ya pili, gauni la kijani, na mtakaokwenda kumsalimia mpeni mkono wa kushoto.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wanaokupenda na wanaokuombea uondoke upesi, tunakushukuru kwa miaka thelathini na tatu, pamoja na ile kumi na sita uliyotuomba tusiifiche. Tunamshukuru mama wa nyumbani kwako kwa kutufunza kusoma barua zetu wenyewe. Upumzike, mfupa wa bega usikusumbue wakati wa baridi, na barabara unayopita na baiskeli yako iwe na madereva wanaosimama. Tunakutakia maisha mema na marefu, Mzee wetu, kuanzia saa tisa na nusu. Sasa hivi ni saa nane na dakika arobaini, bado uko kazini.

Ratiba inasema baada ya wasifu huu mgeni rasmi ataweka sahihi. Kitabu cha wageni hakipo, nimekifungia kabatini. Mheshimiwa, karibu mbele.