Boliti Iliyokatikia Ndani

Upande wa Izia, hapa Sumbawanga, pale barabara ya vumbi inapopinda kabla ya kuingia mashambani, kuna kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, kimewekwa juu ya matofali mbele ya gereji ya Kornel. Hapo ndipo wanapokaa wenye nchi. Cheo hawana, lakini ukiwasikiliza asubuhi moja tu utajiuliza serikali inachelewa nini kuwaita. Yupo mzee Eustace, Bwana Shamba mstaafu, ambaye kila swali hulijibu kama linahusu mbolea. Yupo Atusaye, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Mbeya, wanamwita Kasesya kwa kuwa mpakani huko ndiko zinakotoka bidhaa zake na uongo wake wote. Yupo Jafeti wa bodaboda, jina la kijiweni Breki, alilopewa kwa sababu hana. Na yupo Coleta na birika lake la kahawa ya tangawizi, mama asiyecheka ovyo. Kornel mwenyewe hakai. Kichwa chake huwa ndani ya boneti na masikio yake huwa kwenye kiti.

Ilikuwa mwezi wa sita, upepo wa Ufipa umeshaota meno, na kila mtu amejikunyata ndani ya koti lake. Kwenye kiti kulikuwa na nafasi moja wazi, mwisho kabisa upande wa jua. Hakuna aliyeikalia. Ilikuwa ya Philipo, na Philipo alikuwa amelala nyumbani kwake ng'ambo ya barabara, kwenye ile nyumba ya bati jekundu. Hospitali walikuwa wamemruhusu kwa maneno yale yanayofahamika: kamuuguzeni nyumbani.

Gari lililokuwa gerejini lilikuwa lake. Landrova ya zamani, kijani iliyopauka, aliyoiendesha tangu ujana wake, akiishusha bondeni na kuipandisha na magunia ya ulezi, wagonjwa, maharusi na maiti. Hospitalini alimshika Kornel mkono akamwomba jambo moja tu: akaone Milepa, kwao bondeni, mara ya mwisho. Wakamwambia gari la kukodi lipo. Akakataa. Alisema hashuki Milepa kwa gari la watu kama mgeni. Kornel akamwahidi kwamba Landrova ikinguruma tu, atakwenda mwenyewe kumchukua kitandani. Sasa alikuwa amefungua injini, na boliti ya pembeni ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imekatikia ndani.

— Fundi, shikamoo. Imetoka? Breki aliuliza, pikipiki yake bado inaunguruma.

— Marahaba. Haijatoka.

— Tangu juzi? Aisee, hiyo boliti ina roho mbaya.

— Zima hilo pikipiki lako kwanza, Coleta alisema. Kuna mgonjwa hapo.

Breki akazima haraka, akatazama bati jekundu, kisha akatazama chini.

— Mama Coleta, leo umempelekea uji? aliuliza kwa sauti ndogo.

— Nimempelekea. Kameza vijiko viwili, kageukia ukutani.

— Vijiko viwili si haba, alisema Bwana Shamba. Hata mche ukinyauka, maji kidogo kidogo ndiyo dawa.

Kila asubuhi walimuuliza Coleta, Coleta akawajibu, kisha wakarudi kwenye boliti kwa nguvu zaidi, kama watu waliofukuzwa.

— Mimi nilishawaambia, Kasesya alianza. Boliti za siku hizi ni bati la kopo. Upande wa pili wa mpaka nilimwona mtu ameegesha lori, boliti ikakatika yenyewe, lori limesimama! Hakuna aliyeligusa. Dereva yuko anakula sima.

— Hii si ya siku hizi, Kornel alijibu bila kutoa kichwa. Hii imekuja na gari.

— Basi ni uzee. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Hiyo inaingiaje hapa, Kasesya?

— Inaingia tu. Methali haina mlango.

Bwana Shamba akakohoa, ishara kwamba elimu inakuja.

— Ni baridi. Chuma kikipata baridi kinajikunja, kikipata jua kinajinyoosha. Hapa kwetu usiku umande, mchana jua kali. Hiyo boliti imejikunja na kujinyoosha miaka yote hiyo mpaka imeota mizizi. Ndiyo. Nimeona miti ya namna hiyo. Huwezi kuing'oa, unamwagilia kwanza.

— Nimeimwagia dizeli na oili chafu tangu juzi, mzee.

— Ongeza samadi, alisema Breki, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mtu akacheka.

Kornel hakucheka. Alikuwa akiona kile kisiki cha chuma kimelala ndani ya tundu lake, chini ya usawa wa kidole, hakishikiki kwa koleo wala kwa spana. Alijua jinsi kilivyokatika. Boliti iliyogoma haivutwi kwa hasira. Unaigusa kidogo mbele, unairudisha kidogo nyuma, unaipa mafuta, unaiacha ipumue, unarudi. Alikuwa amewafundisha hivyo mafundi wengi. Lakini juzi alisikia Philipo akikohoa kutoka ng'ambo, kikohozi kirefu kisichokwisha, akaingiza bomba kwenye mkono wa spana ili nguvu ziongezeke, akavuta. Ikalia kidogo, ikalegea ghafla, naye akajua kabla hajatazama.

— Pigeni gesi, Kasesya alisema. Ichomwe mpaka iwe nyekundu. Samaki mkunje angali mbichi!

— Akishachomwa si mbichi tena.

— Wewe Breki unabishana na wahenga?

— Mimi nabishana na wewe. Tena mimi nasema hii ishu siyo ya chuma. Mzee anaumwa, gari linaumwa. Mzee hasimami, gari halisimami. Nyie hamuoni? Kuna mkono wa mtu hapa, kinoma.

Bwana Shamba aliweka kikombe chini.

— Ndiyo maana tukienda mikoa ya watu, ukisema tu umetoka Sumbawanga, jirani anahamisha kiti. Ni kwa ajili ya midomo kama wako. Fundi akishindwa nati, ulozi. Kuku akifa, ulozi. Philipo amekuwa na uvimbe, daktari ameuona kwenye picha. Na boliti imekatika kwa sababu boliti hukatika.

— Basi kwa nini ikatike hii tu? Breki aliuliza. Ziko nyingi hapo. Zote zimetoka fresh. Kwa nini hii ya pembeni?

Hapo Kornel akatoa kichwa kwenye boneti.

Gereji yake ina desturi ambayo huikuti kwingine. Gari likishapona, kabla boneti halijafungwa, kila aliye kwenye kiti huinuka, hushika spana, huvuta mara moja na kusema, "Nenda salama." Wanaita kuliaga gari. Magari mengine huagwa kwenye nati za tairi, na hakuna madhara. Lakini Philipo alikataa Landrova yake iagwe miguuni. Alisema huyu ni mzee, aagwe kifuani. Na ukisimama chini bila kupanda bampa, boliti unayoifikia kwa urahisi ni moja tu.

— Ni hii tunayoagia, Kornel alisema.

Wakamtazama.

— Kila nikilitengeneza kwa safari ya bondeni. Wewe Bwana Shamba unavuta, Kasesya unavuta kwa mikono miwili kwa sifa, Breki naye. Mama Coleta pia. Mimi navuta wa mwisho. Boliti ina kipimo chake cha kukazwa. Ukizidisha inavutika, inakuwa nyembamba shingoni. Tumeivuta miaka yote hii. Ilikuwa inangoja siku tu.

— Lakini tulikuwa tunamtakia heri, alisema Kasesya, na sauti yake ya mpakani ilikuwa imekwisha kabisa.

— Najua.

— Na wewe fundi ulijua inazidishwa?

— Nilijua. Mnafurahi, Philipo anafurahi. Ningesema nini?

Coleta akamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba. Upepo ulipiga bati la gereji.

Umeme ulirudi saa hiyo, ukiwa umekatika tangu jana, na redio ya kinyozi jirani ikapiga kelele. Kornel hakusubiri. Alivuta mashine ya kuchomelea, akaweka nati juu ya tundu, akavaa miwani myeusi. Alichomelea katikati ya nati polepole mpaka chuma cha nati na kile kisiki vikawa kitu kimoja. Kisha akasimama kando, mikono nyuma.

— Vuta sasa! alisema Kasesya. Ngoja ngoja huumiza matumbo!

— Safari hii tunangoja, alisema Kornel.

Akaomba mshumaa. Bwana Shamba akautoa kwenye mfuko wa koti, mshumaa wa kanisani uliobaki nusu. Kornel akaugusisha kwenye chuma kilichokuwa bado na moto, nta ikayeyuka, ikapenya chini kwenye hesi, ile mizunguko iliyochongwa kwenye boliti. Akaweka spana. Hakutia bomba. Alisukuma mbele unywele mmoja, akarudisha. Mbele, nyuma. Walikuwa wamemzunguka wote wanne, Coleta na birika mkononi, na mtu angepita angedhani wanaangalia mtoto akizaliwa.

Boliti ikalia.

— Inalia! Breki alinong'ona.

— Nyamaza.

Ikalia tena, ikageuka robo. Ikarudi. Ikageuka nusu. Kornel alihisi kwenye kiganja ule ulaini anaoujua, chuma kinapokubali. Alifungua kwa vidole sasa, taratibu, na kile kisiki kikapanda juu, kimepindika kidogo, kifupi kama kidole cha mtoto. Akakishika.

Kelele zilizopigwa hapo! Kasesya alirukaruka na tumbo lake. Breki aliwasha pikipiki akapiga honi, akasahau mgonjwa. Bwana Shamba alivua kofia ya sufu akaipunga, mzee mzima. Kornel mwenyewe alicheka na machozi yakamtoka, akapangusa uso kwa mkono wenye grisi. Kesho wangefunga hedi. Keshokutwa wangeshuka bondeni. Wangemlaza Philipo kwenye godoro pale nyuma, wamfunike mablanketi, waende mdogo mdogo mpaka Milepa.

Ndipo walipomwona mwanamke amesimama ukingoni mwa barabara, kitenge kiunoni juu ya gauni la safari. Kornel alimtambua kwa shida. Monika, binti wa kwanza wa Philipo, anayefanya kazi Mbeya, alimwona mwisho akiwa na sare za shule.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu! Umefika lini?

— Jana na basi la jioni.

— Imetoka! Kornel alimwambia, akamwonyesha kiganja. Imetoka, mwanangu.

— Nini, baba mdogo?

— Boliti. Ya gari la baba. Ilikuwa imekatikia ndani.

Monika alikitazama kile kipande cha chuma kwa heshima, kama mtu anavyotazama zawadi asiyojua matumizi yake.

— Asanteni, alisema. Hongereni kwa kazi.

— Tunampeleka Milepa, Kasesya alidakia. Keshokutwa.

— Padri amempaka mafuta ya mwisho jana usiku.

Mtu fulani kwa kinyozi alipunguza redio.

— Jana nilikaa naye, Monika aliendelea. Alikuwa anasikia nyundo. Anauliza, huyo si Kornel? Mama anamjibu, ndiye. Akawa anasema, basi akimaliza kugonga atakuja. Tukamgeuza upande wa mlango ili akuone ukiingia. Akakaa hivyo hivyo mpaka usiku mwingi. Leo alfajiri amesema tena, Kornel hajaja? Tangu hapo hajasema neno.

Kornel alikifumba kiganja juu ya ile boliti.

— Mimi siwalaumu, baba mdogo. Naona mmehangaika. Ila nimeuliza nyumbani, mama anasema tangu atoke hospitali ni mama Coleta tu anayeingia. Na kutoka hapa mpaka kwetu ni kuvuka barabara. Nyinyi wengine, mbona hamkuja?

Bwana Shamba, mwenye jibu la kila kitu kinachoota, alitazama ndani ya kikombe chake. Breki alikuwa kijana na alilia waziwazi. Coleta hakuwasaidia. Alikuwa ameijua kweli hiyo kila asubuhi aliporudi na bakuli la uji, na alikuwa amewaachia wenyewe.

Kornel alikuwa na jibu. Kwamba hospitalini alimwona rafiki yake amebaki mifupa na macho, akatoka nje akashika ukuta. Kwamba boliti ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa nyepesi kuliko lile godoro alilolalia Philipo. Kwamba aliogopa, basi. Lakini hilo si jibu unalompa mtoto wa mtu mchana, mbele ya watu.

— Nisubiri ninawe mikono, alisema.

Akachovya petroli, akasugua, akachukua sabuni ya unga, akasugua tena. Grisi ilitoka vidoleni, ikabaki kwenye kucha na mistari ya viganja. Akamwaga maji machafu, akachota mengine, akaanza upya. Monika alimsogelea akamshika kiwiko, kwa upole sana.

— Njoo hivyo hivyo, baba mdogo. Hafumbui macho tena.

Kornel akajifuta kwenye suruali, akamfuata.