Verlyn Haugstad na Sheria ya Meza ya Nyuma

Tarehe 30 Septemba, Bwana Verlyn Haugstad anakabidhi funguo za uwanja wetu wa shabaha hapa Willow Bench, Montana, baada ya kuutunza kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi huuza soda pale Jumamosi. Kuhutubia watu si kazi yangu, kwa hiyo nimeomba niandike.

Alianza kwa kukata nyasi. Akawa msimamizi, akaezeka sehemu ya kufyatulia, na katika chumba cha nyuma akaweka meza ambapo wanachama hujifunza kujaza baruti kwenye maganda ya risasi zao wenyewe. Meza ile ina sheria moja: usibadilishe vitu viwili kwa mpigo.

Muulizeni Orrin Tveit. Mwaka jana, mashindano na jirani zetu wa mji wa Roundup yakiwa yamekaribia, bunduki yake ilitawanya risasi kama kuku waliotimuliwa. Kwa papara akabadilisha kipimo cha baruti, na papo hapo akazungusha kile kidhibiti cha mdomoni mwa mtutu kinachotuliza mtetemo. Mambo yakaharibika zaidi, na asijue arudi wapi. Verlyn alimtazama kwa huruma.

"Ndugu yangu, sasa hata bunduki yenyewe haijui imekosea wapi."

Wakaanza upya. Kidhibiti kikakazwa, kisiguswe mpaka kipimo cha baruti kipatikane. Ndipo kikasogezwa alama moja moja. Siku ya mashindano, matundu yote ya risasi za Orrin kwenye shabaha yangeweza kufunikwa na kizibo kimoja cha bia. Kombe liko kwetu, na watu wa Roundup bado wanasingizia upepo.

Basi tuliposikia kwamba Verlyn anastaafu, anauza nyumba na kuhamia Arizona, yote kwa mwezi mmoja, tulinywea. Nani angemkanya Orrin? Mimi, nakiri, nililia nyuma ya friji ya soda.

Wiki iliyopita, tulipokula keki ya kumuaga, Verlyn alitueleza mipango hiyo kwa furaha. Mkewe, Mama LaVonne, alimwacha amalize, akaweka uma chini.

"Verlyn, hivyo ni vitu vingapi?"

Orrin ndiye aliyeanza kucheka. Verlyn alimaliza keki yake, akasema Arizona haitakimbia. Nyumba haiuzwi, angalau mwaka huu.

Asante, Bwana Verlyn, kwa uvumilivu wako kwetu sote. Tunakuombea asubuhi ndefu na kahawa isiyopoa. Ukipita kutusalimu, utakuta tumebadilisha kitu kimoja tu kwenye meza yako: kiti sasa kina mto.