Valvu Aliyoiziba Fundi Lupakisyo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi Lupakisyo, aliyefariki Jumapili nyumbani kwake Kilosa. Fundi bomba Lupakisyo. Kilosa na Mikumi walimjua hivyo.

Alizaliwa Kimamba, kambi ya mkonge. Mabomba alijifunza kwenye karakana ya shamba, mpaka shamba likafungwa na wafanyakazi wakaambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Kwao palikuwa palepale.

Ilikuwa miaka ya tisini. Soko huria limeingia, vifaa vya nje vimejaa madukani, nyumba za wageni zinachipuka Mikumi kama uyoga. Kila mwenye nyumba alitaka tangi la maji ya moto, lile linalopokea presha ya bomba moja kwa moja. Lupakisyo akawa hapumui kwa kazi.

Siku moja Bi Mwamvua, mwenye nyumba ya wageni Mikumi ambaye alimfungia tangi, akamlalamikia. "Fundi, valvu yako inadondosha maji kutwa. Ukuta unaoza."

Lupakisyo alijua. Maji yakipata moto hutanuka, na valvu ya usalama huyapa pa kutokea. Dawa ilikuwa kuvuta kibomba kutoka kwenye valvu hadi nje. Lakini basi la Kilosa lilikuwa linapiga honi. Akaiziba valvu kwa kizibo cha chuma, akaondoka.

Wiki ya tatu, kifaa cha kukata umeme maji yakishachemka kikakwama. Tangi likapasuka, likang'oa bati. Bi Mwamvua akaungua bega na mkono.

Watu wakasema tangi ni feki. Fundi hakushukiwa na yeyote. Mkewe, Mama Anitha, anakumbuka: "Siku mbili hakula. Ya tatu akavaa shati la kanisani, akasema anakwenda hospitali."

Alisimama kando ya kitanda cha Bi Mwamvua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi."

"Tangi halikuwa feki. Ile valvu niliiziba mimi."

Bi Mwamvua akauliza: "Umeziba ngapi nyingine?"

Matusi alikuwa ameyatarajia. Swali hilo, hapana. "Nne, mama."

"Sasa hapa unafanya nini?"

Akatoka mbio. Nne zote alizizibua, na kwenye kila mlango alisema alichofanya. Wawili walimfukuza kama mwizi. Nyumba ya mwisho, Kilosa mjini, alikuta tangi linanguruma. Akazima umeme, akawatoa watu wote nje, akasubiri tangi lipoe.

Mwaka mzima hakuitwa na mtu. Aliyemwita kwanza ni Bi Mwamvua. Jana, msibani, alituambia: "Mkono huu haunyooki mpaka leo, na sijasahau. Lakini tangi jipya nilimpa yeye. Mafundi wengine sikujua wameficha nini."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Mama Anitha, watoto na wajukuu. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize: kuna kosa gani letu ambalo hakuna anayelijua, na nani analala chini ya hatari yake? Bado tunaweza kwenda kubisha hodi.