Shoka, Aliyerekebisha Neno Lake

Marehemu dada yetu, ambaye soko zima lilimjua kwa jina la Shoka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, wa tatu katika watoto wanne. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985. Darasa la tano alisimamishwa wiki mbili kwa kumng'oa kiranja jino. Kiranja ndiye aliyeanza.

Mwaka 1989 alianza kuuza utumbo nje ya machinjio, na 1996 akafungua bucha lake. Alikata mfupa kwa pigo moja, na mteja king'ang'anizi kwa neno moja.

Alifunga ndoa tarehe 8 Julai 1994 na dereva wa lori. Ilikuwa ndoa ya kipigo, na hatutaipamba hapa. Hawakujaliwa mtoto. Mdogo wetu alipofariki mwaka 2009, Shoka alimchukua binti yake wa miaka mitatu, aliyezaliwa na VVU.

Mtoto alipofika miaka saba akauliza vidonge ni vya nini. Shoka akamjibu, "Kwenye damu yako kuna mgomvi. Vidonge vinamlaza. Ukiviacha, anaamka."

Katika nyumba ile, mgomvi alijulikana. Tarehe 2 Juni 2013 mtoto alisaga vidonge vyake vya siku tatu akavitia kwenye uji wa dereva, ili alale. Uji ukawa mchungu. Dereva akamrusha mtoto ukutani, na Shoka akamvunja mumewe mtulinga kwa mgongo wa shoka. Ndoa ikaishia hapo.

Damu haijafutwa sakafuni, alimkalisha mtoto.

"Nilikosea neno, mwanangu. Si mgomvi. Ni virusi, vinaitwa VVU. Ulizaliwa navyo."

"Nilifanya nini?"

"Hukufanya kitu. Ila dawa zako ni zako, usimgawie mtu."

"Na Baba, dawa yake ipi?"

"Ameshainywa."

Tangu 2019 alisumbuliwa na kichwa, na sikio la kushoto likaziba kabisa. Tarehe 11 Septemba 2024, saa nne asubuhi, alifariki hospitalini kwa damu kuvujia kwenye ubongo. Daktari aliandika shinikizo la damu. Sisi tunajua kichwa kile kiligongwa mara ngapi.

Ameacha kaka wawili na binti mmoja, sasa ana miaka kumi na minane. Nikiandika wasifu huu nilimwomba binti tuseme "maradhi ya damu".

"Mjomba, andika VVU."

Nikashuka hadi "afya yake".

"Andika VVU. Mama alilipigania hilo neno."

Sijawahi kushindwa bei upesi hivyo. Limeandikwa.

Mungu ampokee Shoka, alale pasipo wa kumgusa.