Mzee Chuma na Mlima wa Makaburini

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Chuma mkaridhika, alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, mtoto wa tatu wa seremala, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, masomo yakaishia hapo, maana mwalimu mkuu alimpenda zaidi akibeba madawati kuliko akiyakalia.

Mwaka 1975 aliajiriwa kupakia mizigo kwenye ghala la saruji, akaanza kunyanyua vyuma, akachukua ubingwa mwaka 1981, na ghala likamuaga mwaka 1998 kwa kofia, naam, kofia.

Alifunga ndoa tarehe 12 Juni 1982, na mwaka 1987 wakajaliwa binti mmoja, mwembamba kama ufito, mkimbiaji wa mbio ndefu, mwenye digrii ya sayansi ya michezo ambayo maofisi huipokea kwa tabasamu na kuirudisha kwa tabasamu hilohilo. Katika klabu yao ya wanyanyuaji na wakimbiaji, nyuma ya gereji, walibishana kila jioni, baba akidai stamina bila nguvu ni upepo, binti akimjibu kuwa nguvu bila stamina ni fenicha, Baba.

Tarehe 9 Januari mwaka huu alisimama katikati ya ngazi za kliniki, akashika ukuta, vipimo vikaonyesha moyo umetanuka, na tarehe 17 Mei alfajiri akatutoka.

Sasa mvua imekata barabara ya mlima wa makaburini, ile inayokumbukwa wakati wa kura tu, gari haliwezi kupanda, jeneza litabebwa mabegani, na binti hajakaa tangu asubuhi, kwa sababu baba yake hakuwahi kuangusha chuma jukwaani, naye anaogopa baba mwenyewe ataangushwa leo mbele za watu. Jana wanaklabu walifanya majaribio kwa mlango uliopakiwa mifuko ya saruji badala ya jeneza, wakimbiaji wakashindwa hata kuuinua, wanyanyuaji wakauinua kwa mbwembwe, wakabana pumzi kama wanatafuta medali, kwenye kona ya pili wakaona nyota, mifuko chini.

Kwa hiyo leo wanyanyuaji watainua, mkimbiaji mmoja kando ya kila mnyanyuaji, wapokezane kubeba kila kona, na binti anawasihi mpige soga na kutaniana njia nzima, maana anayeongea anapumua.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na wapakiaji wenzake wa ghalani waliokuja bila kofia.

Nawe Mzee Chuma, safari hii usinyanyue, tumekushika, pumzika kwa amani.