Babu Plasta na Miaka ya Kumngojea Mkewe Aseme

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika karakana ya viungo bandia ya hospitali yetu, fundi mkuu tunayemwita Babu Plasta atavua aproni na kustaafu. Mimi ninayeandika ni mshona mikanda ya viungo hivyo, na meza zetu zimetazamana muda mrefu kuliko ndoa nyingi zinavyodumu. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu kwa ajili ya jarida letu. Nitajitahidi.

Jina lake alilipata siku ya kwanza kazini. Aliambiwa akoroge ndoo ya plasta, akaikoroga vizuri, kisha akaenda kunywa chai. Aliporudi, plasta imekuwa jiwe na mwiko umesimama wima ndani yake. Ndoo ile tuliitumia miaka mingi kuzuia mlango usijifunge. Neno "Babu" lilikuja na mvi.

Tangu hapo plasta haikumshinda tena. Alizungushia plasta miguu iliyokatwa kupata umbo, akachonga, akapiga msasa, akamvisha mgonjwa, na mgonjwa akikunja uso tu, alianza upya bila kunung'unika. Wenye haraka aliwaambia, "Mguu haukimbizwi, mzee wangu. Wenyewe ndio utakaokukimbiza." Wapo wanaotembea hadi leo kwa miguu aliyoitengeneza mara tatu.

Nyumbani hakuwa msemaji. Redio ya nyumba, kama alivyopenda kutuambia, alikuwa mkewe: mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa lao, mwanamke aliyeweza kukusimulia safari ya sokoni ukahisi umebeba kapu wewe. Jumamosi moja, akiwa anapiga pasi sare ya kwaya, alianguka. Ilikuwa kiharusi. Kilichukua mkono na mguu wa kulia, na kikachukua maneno yote ila moja. Alibaki na "haya".

Daktari alisema maneno huenda yakarudi, huenda yasirudi. Babu Plasta aliishika ile huenda ya kwanza. Kila asubuhi kabla ya kuja kazini alimwogesha mkewe, akamlisha, akamsuka. Kusuka alikuja kujifunza kwangu, saa ya chai, kwa vipande vya ngozi ya mikanda. Shemeji yake, yaani dada wa mkewe, aliyekuwa akishinda na mgonjwa mchana, alisema mistari ile imepinda kama njia ya ng'ombe. Mkewe alijitazama kwenye kioo na kusema, "Haya." Babu Plasta alitueleza kwamba hiyo ilikuwa haya ya kukata tamaa. Kulikuwa na haya ya njaa, haya ya ugomvi na haya ya usiku mwema, na yeye alizijua zote.

Kwenye maombi yetu ya wafanyakazi, yanayofanyika stoo saa saba mchana, aliomba jambo moja tu, mwaka baada ya mwaka: mkewe aseme.

Kisha akaja mhubiri mgeni kanisani kwao. Alimwekea mama yule mikono mbele ya watu wote, akaamuru ulimi wake ufunguke. Ulimi haukufunguka. Mhubiri akageuka, akatangaza kuwa ndani ya nyumba ya huyu mama yumo mwenye shaka. Babu Plasta alisukuma kiti cha magurudumu hadi nyumbani, na kanisani hakurudi. Stoo pia hakuja tena. Saa saba ikifika, tulimsikia akipiga msasa peke yake.

Mwishowe nilimuuliza kulikoni. "Muulizeni nyinyi huyo Mungu nimemkosea nini," alinijibu bila kuinua macho. "Mimi nimeuliza mpaka nimechoka." Nilirudi kwenye sindano yangu.

Aliyemrudisha hakuwa mmoja wetu. Jumapili moja aliamka akamkuta mkewe kwenye kiti chake, ameelekea mlangoni. Kwa mkono wa kushoto pekee alikuwa amevuta gauni la ibada kabatini na kulivaa nje ndani. "Haya," akasema. Babu Plasta akajifanya hakusikia. "Haya," akarudia, na hiyo ilikuwa ya ugomvi. Alimgeuzia gauni, akavaa viatu, wakaenda.

Kesho yake alikuja stoo kabla ya wote. "Nilidhani imani ya nyumba ile naibeba mimi," alituambia. "Kumbe nilikuwa nabebwa." Tangu siku ile aliendelea kuomba lilelile, ila alianza kwa kushukuru kwa neno moja alilobakiziwa.

Walikuwa wakiisubiri Juni hii pamoja. Alikuwa amepanua mlango wa sebuleni, akajenga njia ya mteremko kwa ajili ya kiti, akaezeka baraza ili washinde pale kutwa nzima, kwa kuwa asubuhi zote hizo alikuwa akimwacha na kukimbilia kwetu. Mwezi Machi mkewe aliugua kifua. Alifia mikononi mwake, bila kusema lolote, hata haya.

Ni vigumu kuandika hivyo kwenye jarida la wafanyakazi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tuliomba naye miaka yote hiyo, na tulichokiomba hatukupewa.

Alipotoka msibani tulimwomba aongoze maombi. Alisimama, kofia mkononi. "Bwana, leo sina la kuomba," akasema. "Nimekuja tu." Akaketi.

Wiki iliyopita, akinawa plasta viwikoni, nilimuuliza kama haoni kuwa alingojea bure. "Sikungojea bure," alisema. "Nilingojea naye." Baadaye akanifuata mezani. "Lakini ukiandika, usiseme silii. Nalia." Basi naandika: analia. Anaamini pia kwamba siku ya ufufuo atamsikia tena, na hata akianza kwa kumsuta juu ya zile nywele, atamsikiliza mpaka amalize.

Kanisani, kiti cha magurudumu kilikuwa kikisimama njiani, mwisho wa benchi, naye akikaa pembeni yake. Mchungaji wao alitudokeza kwamba mpaka sasa anakaa palepale, mkono umening'inia upande wa njia, na sehemu yote ya benchi iliyobaki, upande wake wa pili, tupu. Jumapili iliyopita tulikwenda wanne kutoka karakana. Tulisimama mlangoni bila kujua tukae wapi. Alituona. Alitazama pale njiani kidogo, kisha akasogea ndani ya benchi, akatupisha.

Babu Plasta, asante kwa kila aliyeingia kwetu kwa magongo akatoka kwa miguu yake, na asante kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kunyimwa na bado akaendelea kuomba. Tunakutakia afya na miaka ya amani kwenye baraza lako. Jumapili ijayo tutakuja tena, na ukiwahi kabla yetu, tuwekee nafasi.